Pakiti zikichanganywa njiani, data hufikaje salama?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa TEHAMA katika sekondari ya kata. Shule yetu na nyingine sita tunapata mtandao kwa antena za waifai. Seva iko mjini chini ya mlingoti wa kwanza, kuna mlingoti wa pili njiani, na wa tatu uko juu ya kilima. Kutoka hapo kilimani ndipo shule zote saba tunahudumiwa. Kila usiku seva inatutumia video za masomo, zilezile kwa kila shule. Asubuhi mara nyingi tunakuta faili halijakamilika. Kijana niliyemfundisha, sasa yuko chuo kikuu, ameniambia dawa yake ni usimbaji wa mtandao: eti mitambo ya katikati inachanganya pakiti na kasi inaongezeka. Sikumwelewa. Ukichanganya vitu viwili si umeviharibu vyote? Na kwa mtandao kama wetu itasaidia kweli?

JIBU: Marahaba, mwalimu, na pole kwa asubuhi hizo za faili nusu. Kijana wako amekueleza jambo la kweli, ila amekuachia nusu ya maneno. Kwa mtandao wenu sehemu moja ya usimbaji itawafaa sana, na sehemu nyingine, ile maarufu zaidi, haitawafaa hata kidogo. Ili ujue ipi ni ipi, inabidi kwanza tulimalize hilo la kuharibu.

Chukua karatasi. Andika pakiti mbili fupi (pakiti ni kipande kidogo cha data kinachosafiri mtandaoni) za biti nne, yaani tarakimu nne za 0 au 1: ya kwanza 1011, ya pili 0110. Zipange moja juu ya nyingine, kisha ulinganishe biti kwa biti: zikifanana andika 0, zikitofautiana andika 1. Utapata 1101. Hesabu hii mafundi wanaiita XOR, na hakuna hesabu iliyo rahisi kwa kompyuta kuliko hii. Sasa mtu akipewa 1101 peke yake, hana kitu. Hawezi kujua imetokana na nini. Lakini mpe mtu ambaye tayari anayo 1011. Akirudia hesabu ileile kati ya 1101 na 1011 anapata 0110, pakiti ya pili, kamili bila kasoro. Mwenye 0110 naye akifanya hivyohivyo anapata 1011. Mchanganyiko ni mmoja, urefu wake ni wa pakiti moja tu, na umempa kila mmoja kile alichokikosa. Hakuna kilichoharibika. Kilichobadilika ni kwamba mpokeaji anatakiwa kufanya hesabu kidogo kabla ya kusoma.

Hapo pana matumizi ya kwanza, na nadhani ndiyo aliyokuwa nayo kichwani kijana wako. Tuseme shule A na shule B hazionani, zinapitia mlingoti. A ana ujumbe wa kumpelekea B, na B ana ujumbe wa kumpelekea A. Kwa kawaida hewa inatumika mara nne: A anapandisha, mlingoti unashusha kwa B, B anapandisha, mlingoti unashusha kwa A. Mlingoti ukichanganya, zinatosha mara tatu: A anapandisha, B anapandisha, kisha mlingoti unatangaza mchanganyiko mmoja unaosikika pande zote mbili. A anaujua ujumbe wake mwenyewe, anauondoa, anabaki na wa B. Vivyo hivyo kwa B. Hamjanunua antena mpya wala masafa mapya.

Mwaka 2006 Sachin Katti, Dina Katabi, Muriel Médard na wenzao waliujenga mfumo wa namna hii, wakauita COPE, wakaujaribu kwenye mtandao wa waifai wa nodi 20, yaani vituo 20, katika chuo cha MIT, Marekani. Kwa data ya UDP, yaani inayotumwa bila kusubiri jibu, mtandao ukiwa umejaa, walipata kasi mara 3 hadi 4 ya ile ya kawaida. Kwa TCP, ile ya kusubiri jibu na kupunguza kasi pakiti zikipotea, pale nodi zisizosikiana zilipokuwa zinagongana hewani, ongezeko lilikuwa asilimia 2 au 3 tu. Zikae pamoja kichwani mwako namba hizo mbili. Atakayekutajia ya kwanza, mwulize na ya pili.

Hii ndiyo sehemu isiyowafaa. Hesabu ya mara tatu badala ya nne inadai redio moja itangaze na pande zote mbili zisikie kwa wakati mmoja. Mlingoti wenu wa pili, kama ilivyo milingoti mingi ya masafa marefu, bila shaka una sahani mbili zilizopeana mgongo, moja ikitazama mjini na nyingine kilimani, kila moja na redio yake. Sahani ya mjini ikitoa sauti, kilimani hawasikii. Hakuna cha kutangaza kwa wote, kwa hiyo hakuna cha kuokoa. Nimeona watu wakihangaika siku nzima kuwasha kipengele hiki kwenye batman-adv, programu ya mitandao ya meshi (ile ambayo kila kituo kinapitishia wenzake data) ambayo ilipokea usimbaji wa aina hii katika Linux 3.10 ya mwaka 2013, juu ya milingoti ambayo kwa maumbile yake haiwezi kufaidika nacho. Angalia antena kwanza, programu baadaye.

Sasa tuje kwenye sehemu inayowafaa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha fani yote.

Tangu mwanzo ruta, mtambo wa kati unaopitisha pakiti, tumeichukulia kama tarishi. Inapokea bahasha, inasoma anwani, inapeleka. Kazi ya akili inafanywa na mtumaji na mpokeaji. Aliyeko katikati ni miguu tu. Mwaka 2000, katika jarida la IEEE Transactions on Information Theory, Rudolf Ahlswede, Ning Cai, Shuo-Yen Robert Li na Raymond Yeung walithibitisha kwamba mtandao unaoendeshwa hivyo, ukiwa unapeleka data ileile kwa wapokeaji wengi, unaweza kupoteza uwezo ambao tayari unao. Tarishi akiruhusiwa kukokotoa, wapokeaji wote kwa pamoja wanaweza kupata data kwa kasi ambayo yule mwenye njia finyu kuliko wote angeipata kama angekuwa peke yake mtandaoni. Mfano wao mdogo kabisa una umbo la kipepeo: wapokeaji wawili, kila mmoja anataka pakiti mbili, na katikati kuna njia moja finyu ambayo wote wanaitegemea. Kwa kupitisha tu, kila mpokeaji anapata wastani wa pakiti moja na nusu kwa kila zamu. Ruta ya katikati ikituma XOR ya hizo mbili, kila mmoja anapata mbili. Ongezeko la theluthi nzima, na nyaya ni zilezile.

Sikiliza tena maneno hayo: data ileile kwa wapokeaji wengi. Mwalimu, hiyo ndiyo kazi yenu ya kila usiku.

Tufanye hesabu ya kilima chenu. Chukulia faili la megabaiti 400. Kama kila shule inalivuta kivyake, basi faili hilo linapita hewani mara saba kwenye milingoti ileile, jumla gigabaiti 2.8. Hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini kunakucha halijaisha. Badala yake mlingoti wa kilimani unaweza kulitangaza mara moja, shule zote saba zikisikiliza. Shida inakuja hapa: waifai inapomtumia mtu mmoja, redio inasubiri jibu na kurudia ikibidi, inapotangazia kundi, hairudii. Kilichopotea kimepotea. Na kila shule inapoteza pakiti zake yenyewe: huku mti umetikiswa na upepo, kule pikipiki imesimama mbele ya antena.

Tuseme kila shule inapoteza asilimia 5, kila moja kivyake. Uwezekano wa pakiti moja kuzifikia shule zote saba ni 0.95 ikizidishwa yenyewe mara saba, yaani kama 0.70. Kwa hiyo asilimia 30 ya pakiti zina angalau shule moja iliyozikosa. Seva ikirudia pakiti zilizokosekana moja moja, duru ya kwanza tu ya marudio ni megabaiti 120, ingawa hakuna shule iliyokosa zaidi ya megabaiti 20. Kila shule inalazimika kusubiri zipite pakiti za wenzake ambazo yenyewe inazo tayari.

Changanya sasa. Shule ya kwanza imekosa pakiti namba 1, ya pili imekosa namba 2, ya tatu imekosa namba 3. Tangaza XOR ya hizo tatu. Shule ya kwanza inazo namba 2 na 3, inaziondoa, inabaki na 1. Ya pili inabaki na 2. Ya tatu inabaki na 3. Pakiti moja imeziba mapengo matatu tofauti katika sehemu tatu tofauti. Nilipoliona hili likifanya kazi mara ya kwanza, si kwenye karatasi bali kwenye skrini, nilirudia jaribio mara kadhaa nikidhani nimekosea kuhesabu.

Utauliza: je, seva inabidi ijue nani amekosa nini ili ichague cha kuchanganya? Kwa njia ya XOR, ndiyo. Lakini mwaka 2003 Li, Yeung na Cai walionyesha kwamba kwa kazi hii ya kutumia wengi inatosha kuzidisha na kujumlisha tu, Ralf Koetter na Médard wakaiweka katika lugha ya aljebra, na mwaka 2006 Tracey Ho na wenzake wakaonyesha kwamba hata namba za kuzidishia huhitaji kuzipanga: zichague kwa bahati nasibu. Hapa naomba urudi kwenye karatasi, maana kuna mtego ninaotaka uuone kwa macho yako.

Una pakiti tatu, na tuseme thamani zake ni a = 7, b = 4, c = 2. Huzitumi hizo. Unatuma michanganyiko minne:

a + b + c = 13
a + 2b + 3c = 21
2a + b + c = 20
3a + 2b + c = 31

Mpokeaji amepoteza wa mwisho. Anatoa wa kwanza kutoka wa tatu, anapata a = 7 papo hapo. Inabaki b + c = 6 na 2b + 3c = 14, hivyo c = 2 na b = 4. Mwingine amepoteza wa pili. Naye anapata a = 7, kisha b + c = 6 na 2b + c = 10, basi b = 4, c = 2. Aliyepoteza wa kwanza naye atafika, kwa jasho kidogo zaidi. Hakuna aliyehitaji kusema “nimepoteza ya pili, nirudishieni ya pili”. Kila mmoja alihitaji michanganyiko mitatu, yoyote iwayo. Ni milinganyo ya sekondari, mwalimu, hakuna uchawi.

Yoyote iwayo? Jaribu kupoteza wa tatu. Unabaki na 13, 21 na 31. Jumlisha wa pili na wa nne: unapata 4a + 4b + 4c = 52, ambayo ni ya kwanza ikizidishwa kwa 4. Umepokea milinganyo mitatu lakini kwa kweli unayo miwili tu. Mmoja umekuletea habari uliyokuwa nayo. Umekwama mpaka uje mchanganyiko mwingine. Huu ndio mtego, nami nimeuweka makusudi kwa kuchagua namba zinazopendeza macho. Bahati nasibu inauepuka vizuri kuliko mikono yetu, mradi namba za kuchagua ziwe nyingi. Ukichanganya kwa 0 na 1 pekee, uwezekano kwamba michanganyiko iliyo sawa kwa idadi na pakiti zenyewe inatosha kufungua fungu kubwa la pakiti ni kama asilimia 29. Ukichagua kati ya namba 256, uwezekano unapanda hadi asilimia 99.6.

Kwa nini 256? Kwa sababu ndizo zinazoenea kwenye baiti moja. Kompyuta haitumii hesabu za kawaida kama tulizofanya hapa, kwani majibu yangezidi kukua na kumwagika nje ya baiti. Inatumia ulimwengu wa namba 256 tu, ambamo kujumlisha ni ile XOR ya mwanzo na kuzidisha kuna jedwali lake, na jibu halitoki nje kamwe. Msingi wa hesabu hizo aliuweka Mfaransa Évariste Galois, aliyefariki 1832 akiwa na miaka 20. Leo zinafanya kazi kwenye kompyuta ya mkononi ya bei ya chini kabisa.

Kwa vitendo faili halichanganywi lote kwa pamoja, linakatwa mafungu. Faili lenu la megabaiti 400, kwa pakiti za baiti 1,400, ni kama pakiti 286,000. Zigawe mafungu ya pakiti 64 na utapata karibu mafungu 4,500. Fungu likiwa kubwa zaidi, pakiti za ziada zinatumika vizuri zaidi, lakini hesabu ya kufungua inakuwa nzito, na mpokeaji anasubiri zaidi kabla ya kupata chochote. Kwa mazungumzo ya sauti kusubiri huko ni balaa. Kwa faili la usiku hakuna anayejali. Nashauri pia kila fungu lianze na pakiti zenyewe 64 bila kuchanganywa, kisha ndipo ifuate michanganyiko. Shule iliyobahatika haihesabu chochote, na iliyokosa pakiti nne inatatua milinganyo minne tu, si 64.

Kwa upotevu wa asilimia 5, katika kila fungu shule moja itakosa wastani wa pakiti tatu na kidogo, lakini kati ya saba iliyo na bahati mbaya zaidi itakosa kama tano au sita. Weka michanganyiko sita hivi kwa fungu, yaani asilimia 9 au 10 ya faili, halafu mwishoni shule iliyopungukiwa iseme idadi tu: fungu namba fulani, nimebakiza mbili. Seva inatangaza michanganyiko miwili mipya na yeyote mwenye pengo anaitumia. Linganisha na ile asilimia 30. Na kadiri shule zinavyoongezeka, ile 30 inapanda haraka; hii inasogea taratibu.

Umenieleza milingoti mitatu, kwa hiyo niseme na la njiani. Kuna misimbo mingi mizuri inayochanganya kwenye chanzo peke yake, mitambo ya kati ikipitisha tu. Upotevu ukiwa asilimia 10 kwa kila mruko, yaani kila kipande cha njia kati ya antena na antena, na miruko ni mitatu, kinachofika ni 0.9 mara 0.9 mara 0.9, yaani asilimia 73. Inabidi chanzo kitume kama asilimia 37 ya ziada, na ziada yote hiyo inaubana mruko wa kwanza ambao wenyewe ulihitaji asilimia 11 tu. Usimbaji wa mtandao kamili unaruhusu kila mlingoti uchanganye upya vile ulivyopokea, bila kuvifungua kwanza. Kila mruko unaziba pengo lake mwenyewe na kasi ya njia nzima inakuwa asilimia 90 badala ya 73. Uwezo huo wa kuchanganya kilichokwisha kuchanganywa ndio unaoutofautisha na ndugu zake wote.

Hata hivyo, kwenu ipo njia nyepesi ya kufika hapohapo. Weka kompyuta ndogo yenye diski kwenye mlingoti wa kilimani. Mchana kutwa, polepole, faili lisafiri kutoka mjini hadi kilimani kwa njia ya kawaida ya mtu mmoja kwa mtu mmoja, kwa programu inayoweza kuendelea pale ilipokatikia. Redio za milingoti zitarudia zenyewe kilichopotea. Usiku kilima ndicho kitangaze kwa shule saba. Hapo tatizo linabaki la mruko mmoja, na ndio mruko wenye faida kubwa ya kuchanganya.

Kabla hujafanya lolote, pima. Nasisitiza hili kwa sababu niliumia nalo. Kabla ya kebo ya intaneti ya baharini ya SEACOM kuwashwa kwenye pwani yetu Julai 2009, sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipita kwenye setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali kwenda na jibu kurudi ni karibu nusu sekunde ya safari tupu. Ukiongeza mitambo, 0.6. Kwa TCP ya enzi zile, upotevu wa asilimia 1 tu juu ya sekunde 0.6 hizo uliufunga muunganisho mmoja kwenye kama kilobiti 240 kwa sekunde, hata kama umelipia megabiti 10. Taasisi moja niliyokuwa naihudumia ilikuwa katika hali hiyo. Nikaweka kifaa kila upande, nikaongeza asilimia 30 ya pakiti za ziada, nikasubiri muujiza. Kasi ikashuka. Nilichukua wiki mbili kuelewa kwamba pakiti hazikuwa zinapotelea angani. Zilikuwa zinamwagika kwenye foleni ya modemu iliyojaa, na mimi nilikuwa naijaza zaidi.

Ulrich Speidel wa Chuo Kikuu cha Auckland na wenzake walipopima usimbaji kwenye viungo vya setilaiti vya Visiwa vya Cook, Niue na Tuvalu, foleni ndiyo waliyoikuta mlangoni. Foleni inafurika, miunganisho ya TCP inashtuka na kupunguza kasi yote kwa pamoja, foleni inakauka, kiungo kinakaa bure, kisha wote wanapanda tena kwa pamoja. Pakiti zinapotea na huku uwezo uliolipiwa hautumiki wote. Mahali kama hapo pakiti za ziada chache, zilizopimwa, zinaweza kuziba pengo bila TCP kushtuka. Ukizidisha, wewe ndiye unayeifurisha foleni.

Kwa hiyo fanya hivi. Saa nane usiku, mtandao ukiwa umelala (simamisha kwanza utumaji wa video), tumia iperf, programu ya kupima mtandao, toleo la 2, kutangaza kutoka kilimani kwenda kwenye kundi, na shule zote saba zihesabu zilichokosa. Lazima liwe la 2, kwa sababu la 3 halitangazii kundi. Na ping, ile amri ya kuita kompyuta moja na kusubiri ijibu, haitoshi, kwani inamlenga mtu mmoja na redio inaficha upotevu kwa kurudia. Rudia saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini. Upotevu ukiwa karibu sawa nyakati zote mbili, ni wa hewani, na kuchanganya kutauponya. Ukiwa sifuri usiku na mwingi mchana, ni foleni. Punguza kasi ya kutuma na hutahitaji msimbo wowote. Ukiona shule moja inapoteza asilimia 25 na nyingine asilimia 2, panda ukakaze antena ya hiyo shule. Hakuna hesabu inayofanya kazi ya spana.

Angalia pia mipangilio miwili ya redio ya kilimani. Kwanza, waifai hutangazia kundi kwa kasi yake ya chini kabisa, ambayo kwenye masafa ya gigahezi 5 kwa kawaida ni megabiti 6 kwa sekunde. Hata hiyo haitishi: megabaiti 400 kwa megabiti 6 ni dakika 9, na hata nusu ya kasi ikiliwa na mambo mengine ni dakika 18 kwa shule zote saba. Unaweza kuipandisha kidogo kidogo huku ukipima upotevu. Pili, redio nyingi siku hizi zina kipengele kinachogeuza tangazo la kundi kuwa nakala za mmoja mmoja bila kukwambia. Kizime, la sivyo utakuwa umerudi kwenye nakala saba.

Programu ya kuanzia ni NORM. Ni itifaki iliyo wazi, imeandikwa katika RFC 5740 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti), na programu huria yake ilitengenezwa na Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani. Inatangaza kwa kundi, wapokeaji wanasema wamepungukiwa na ngapi, na chanzo kinatuma michanganyiko ya kuziba. Haichanganyi upya njiani, lakini kwa mruko mmoja wa kilimani hilo halina hasara. Kama kati ya zile saba kuna shule iliyofichwa na kilima, inayoisikia shule jirani vizuri kuliko inavyousikia mlingoti, hapo ndipo usimbaji kamili wa bahati nasibu unakuwa na maana: jirani anachanganya upya alichokipata, hata kama fungu lake bado halijakamilika, na kumsukumia aliyefichwa. Hiyo iwe hatua ya pili, mkishaizoea ya kwanza.

Na ulinde mlango. Katika kutuma kwa kawaida, pakiti moja iliyochafuka inaharibu mahali pake tu. Kwenye kuchanganya, ikiingia kwenye mchanganyiko inachafua fungu zima, na ikichanganywa upya njiani inasambaa kwa kila aliye mbele. Usidanganywe na neno usimbaji. Hili halina uhusiano na usimbaji fiche, halifichi wala halithibitishi chochote. Kila faili litoke mjini likiwa na alama yake ya SHA-256, alama fupi inayokokotolewa kutokana na faili lenyewe na inayobadilika faili likibadilika, nayo isafiri kwa njia ya kawaida, si kwa tangazo, na kila shule ilinganishe kabla ya kufungua video. Isipolingana, fungu gani limeharibika litajulikana kama uliweka alama kwa kila fungu pia. Alama 4,500 za baiti 32 ni kilobaiti 144 tu, na mtaomba hilo moja badala ya faili zima.

Ukishapima usiku na asubuhi, nitumie namba za shule zote saba, kila moja peke yake, bila kuzitafutia wastani. Yale mafungu ya 64 na michanganyiko sita niliyaweka kwa asilimia 5 niliyoikisia. Zikija namba zenu halisi tutayapanga upya.